Mwanga wa jioni katika atelie ya ushonaji Kadutu: kisa cha kuchagua kati ya neoni, ampuli ya ekonomi na LED

Atelie iko Kadutu, Bukavu, katika chumba kimoja cha mita 5 kwa 4 chenye dari la mita 2.7. Ndani kuna mashine sita za kushona, nne za kukanyaga na mbili za mota, meza ya kukatia katikati, na pasi ya makaa karibu na mlango. Mwaka mzima hushonwa vikwembe, yaani nguo za kitenge. Ikifika Agosti huja sare za shule: shati jeupe, sketi au suruali ya buluu iliyokoza. Msimu huo kazi huendelea hadi saa nne usiku, na kwa kuwa jua la Bukavu huzama karibu saa kumi na mbili jioni miezi yote, saa nne za kazi kila siku zinategemea taa.

Taa zilizokuwepo zilikuwa neoni nne (zile bomba ndefu za kioo) za wati 36 darini, kila moja ikiwa na balasti ya chuma (koili inayodhibiti umeme wake) na starta yake (kiwashio kidogo), pamoja na ampuli sita za kawaida za waya za wati 60, moja juu ya kila mashine. Mama mwenye atelie alikuwa na malalamiko matatu. Neoni zinakataa kuwaka jioni, zinapepesa kwenye ncha tu. Ampuli za LED alizowahi kununua kwenye meza za sokoni zilikufa ndani ya wiki chache, ndiyo sababu akarudia zile za kawaida. Na rundo zima la sketi za shule lilishonwa kwa uzi mweusi badala ya buluu. Kosa lilionekana asubuhi, ikabidi kufumua zote. Ombi lake lilikuwa fupi: atajiwe ampuli inayokula umeme kidogo.

Kumwambia anunue LED kusingemsaidia, maana LED alishazinunua na zilishakufa. Katika mtaa kama huu, taa huchaguliwa kwanza kwa volti za saa moja jioni, kisha kwa rangi ya kazi inayofanywa chini yake. Wati huja mwisho. Malalamiko yote matatu, hata lile la uzi, yalitoka kwenye chanzo kimoja: volti za mtaa zisizotulia.

Kupima kabla ya kununua

Multimeta ya kawaida, kile kifaa cha kupimia umeme, inatosha. Iwekwe kwenye volti za AC, ngazi ya 600 au 750, na ipime kwenye plagi ya ukutani iliyo mbali zaidi na mita, kwa saa tofauti na kwa jioni tatu mfululizo. Jioni moja haitoshi, kwa sababu Jumapili haifanani na Jumatano. Hapa vipimo vilisimama hivi: saa tatu asubuhi 212 V, saa kumi na nusu alasiri 196 V, saa moja jioni 158 V, saa mbili na nusu usiku 149 V, saa tano usiku 205 V. Umeme uliporudi baada ya kukatwa kwa zamu, yaani delestaji, multimeta ilionyesha 246 V kwa dakika kadhaa kabla ya kushuka.

Kuna kipimo cha pili ambacho mafundi wengi hukiruka, na kukiruka hugharimu. Pima saa moja jioni taa zako zote zikiwa zimezimwa, halafu ziwashe zote upime tena palepale. Volti zikishuka kwa 15 au 20, ugonjwa uko ndani ya nyumba: waya mwembamba uliovutwa mbali, au kiungo kilicholegea na kuanza kuungua kwenye domino (kiunganishi cha nyaya). Hapo hakuna ampuli itakayokuokoa. Waya utengenezwe kwanza, maana ni hatari ya moto. Katika atelie hii volti zilishuka kwa 3 tu. Upungufu ulikuwa unaingia kutoka barabarani.

Sababu yake inajulikana na kila anayepika Kadutu. Umeme wa Bukavu hutoka Mto Ruzizi, kwenye bwawa la Ruzizi I lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na Ruzizi II la mwaka 1989, ambalo Kongo inalitumia pamoja na Rwanda na Burundi. Mji umekua mara nyingi tangu wakati huo. Inapofika saa kumi na mbili jioni, kila nyumba inawasha resho, yaani jiko la umeme, na resho moja la wati 1,000 linakula kama ampuli kumi na sita za wati 60. Transfoma ya mtaa inalemewa, nyaya ndefu zinazopanda mlima zinakula volti njiani, na aliye mwisho wa laini ndiye anayebakiwa na 149.

Kwa nini neoni hazikuwaka

Neoni yenye balasti ya chuma huwashwa kwa msukumo. Starta hufunga, nyuzi za ncha mbili za bomba hupata moto, kisha starta hufunguka ghafla na balasti hutoa mshtuko wa volti nyingi unaowasha gesi ndani. Volti za ukutani zikiwa chini ya 180 hivi, nyuzi hazipati moto wa kutosha na mshtuko unakuwa dhaifu. Starta inajaribu tena, na tena. Kila jaribio linang'oa kidogo dawa iliyopakwa kwenye nyuzi hizo, na ndiyo maana ncha za bomba huwa nyeusi kama masizi. Neoni iliyokuwa na uwezo wa kuishi miaka inamalizika kwa jioni chache za kupepesa.

Watu hubadilisha starta, na wakati mwingine inafanya kazi, kwa sababu starta mpya ina nguvu zaidi kidogo kuliko iliyochoka. Kwa 149 V haifanyi. Kubadilisha bomba pekee ni kutupa pesa.

Ampuli za wati 60 nazo zilikuwa zinadanganya kwa namna yao. Ampuli ya waya hushuka mwanga haraka kuliko volti zinavyoshuka. Kwa 158 V inatoa takriban theluthi moja tu ya mwanga wake, huku ikiendelea kula wati 35 hivi. Yaani lumeni 700 (lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotolewa na taa) zilizoandikwa kwenye karatasi zinakuwa kama 230. Zidisha kwa sita: lumeni 1,400 hazifiki, ndizo zilizokuwa zinawaangaza mafundi sita wanaoshona pindo na vifungo.

Na hapo ndipo uzi wa buluu ulipopotea. Waya wa ampuli ukipungukiwa na volti unapoa, na mwanga wake unageuka kuwa wa njano-nyekundu zaidi, kutoka kelvini 2,700 hivi hadi karibu 2,350 (kelvini hupima rangi ya mwanga: zikipungua, mwanga ni wa njano zaidi). Mwanga huo karibu hauna buluu ndani yake. Kitambaa cha buluu iliyokoza kinahitaji mwanga wenye buluu ili kiirudishe machoni. Kikiukosa, kinakuwa cheusi kabisa, sawasawa na uzi mweusi uliolazwa juu yake. Mshonaji hakuwa mzembe. Chini ya taa ile, hakuna jicho lingetofautisha.

Aina tatu mezani

Neoni mpya yenye balasti ya elektroniki ilifikiriwa kwanza kwa kuwa fremu zipo. Bomba zuri la wati 36 hutoa lumeni 3,350 hivi, ambazo si haba, na balasti ya elektroniki inaondoa ule mtetemo wa mwanga mara 100 kwa sekunde unaofanya gurudumu la mashine ya mota lionekane limesimama au linarudi nyuma. Lakini balasti nyingi za elektroniki zimetengenezwa kwa 198 hadi 264 V. Kwa 158 ziko nje ya mipaka yake. Zikaondolewa kwenye orodha.

Ampuli ya ekonomi, ile ya bomba la kioo lililosokotwa, ilikuwa mkombozi wa nyumba nyingi wakati wake. Wati 15 zilichukua nafasi ya 60 au zaidi. Kwa atelie hii ina matatizo mengi mno. Inahitaji nusu dakika hadi dakika moja kufikia mwanga wake kamili. Inachoka kila inapowashwa, na jioni ya delestaji umeme unaweza kuja na kuondoka mara kadhaa kabla ya kulala. Ina zebaki ndani, miligramu chache hadi tano, juu ya meza ambapo mikasi na rula vinagonga taa kila siku. Tena ni bidhaa inayoondoka: chini ya Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, ulioanza kutumika mwaka 2017, mikutano ya nchi wanachama ya 2022 na 2023 iliweka mwisho wa kutengeneza na kuuza nje ampuli za ekonomi za hadi wati 30 zenye balasti ndani kuwa 2025, na neoni za kawaida za kuangazia kuwa 2027. Kuanza kujenga atelie juu ya taa ambayo vipuri vyake vinakwisha si ushauri tunaoweza kuutoa kwa moyo mweupe.

Ikabaki LED. Hapa ndipo mnunuzi anapoumizwa, kwa sababu ampuli tatu zenye umbo moja na maandishi yaleyale, "9 W", zinaweza kuwa vitu vitatu tofauti kabisa ndani. Tofauti iko kwenye draiva, kile kibao kidogo kilichofichwa shingoni kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa umeme wa chipu.

Ya kwanza, ya bei nafuu zaidi, inatumia kondensa moja tu kupunguza umeme. Volti zikishuka, mwanga unashuka nazo. Volti zikipanda, chipu zinasukumwa kupita kiasi. Umeme unaporudi kwa kishindo, hakuna kitu cha kuuzuia, chipu moja inaungua, na kwa kuwa zote zimefungwa mfululizo, ampuli nzima inazima. Ukiifungua unaona doa jeusi katikati ya chipu moja ya njano. Hizi ndizo zilizokuwa zinakufa. Ubaya wake mwingine ni wa usalama: hakuna kinachozitenganisha na umeme wa ukutani, na kifuniko cha alumini chenye ufa kinaweza kumpiga mtu shoti. Juu ya mashine ya chuma, karibu na mikono, hilo halivumiliki.

Ya pili ina chipu ndogo ya elektroniki inayodhibiti mkondo, imebandikwa kwenye sahani ileile ya alumini yenye LED. Kwa 220 V ni nzuri, haichezi. Shida ni kwamba LED zake zimefungwa katika mnyororo mrefu unaohitaji, tuseme, volti 240 za moja kwa moja ili uwake. Umeme wa 220 V una kilele cha 311, kwa hiyo unavuka. Umeme wa 158 V una kilele cha 223. Haufiki. Ampuli nzima, isiyo na kasoro yoyote, inazima saa moja jioni na kuwaka yenyewe saa tano usiku, na mwenye nyumba anaapa kwamba ni mbovu.

Ya tatu ina draiva kamili yenye koili na swichi ya elektroniki, na imeandikwa AC 85–265 V au 100–240 V. Volti zikishuka, inavuta mkondo zaidi na mwanga unabaki palepale. Hii ndiyo inayofaa Kadutu, Bagira, na kila mtaa ulio mwisho wa laini. Ampuli iliyoandikwa 220–240 V peke yake iachwe dukani, hata ikiwa na wati chache na sanduku zuri.

Kuijua ya kweli dukani

Maandishi ya sanduku hayatoshi, maana yeyote anaweza kuchapa 85–265. Njia rahisi tuliyoiona ikifanya kazi inahitaji transfoma ya 220 kwenda 110 V, ile ambayo mafundi wa redio huwa nayo kwa vyombo vya Marekani. Chomeka kishikio cha taa upande wa 110 na ujaribu ampuli moja moja. Ya draiva kamili inawaka kama kawaida, ukilinganisha na nyingine iliyo kwenye 220 huoni tofauti. Ya mnyororo mrefu inabaki giza. Ya kondensa inawaka kwa unyonge.

Jaribio hili lifanywe asubuhi au mchana. Saa moja jioni, ukutani kukiwa na 158, transfoma hiyohiyo itatoa 79 tu, na hata ampuli bora inaweza kushindwa bila kosa lake. Pia usishike sehemu za chuma za kishikio wakati wa jaribio. Transfoma nyingi za aina hii hazitenganishi mtu na umeme wa ukutani.

Kisha elekeza kamera ya simu kwenye ampuli kwa karibu. Mistari ya giza inayotembea kwenye kioo cha simu inaonyesha mwanga unaotetemeka. Jicho halioni mtetemo huo, lakini kichwa kinauma baada ya saa tatu za kutunga sindano.

Jaribio la mwisho ni la rangi, na kwa mshonaji ndilo lenye uzito kuliko yote. Chukua vibiringo vitatu vya uzi, mweusi, wa buluu ya sare, na wa kahawia iliyokoza, pamoja na kipande cha kikwembe chenye nyekundu kali. Viweke chini ya ampuli, kisha uvitoe nje mlangoni kwenye mwanga wa mchana, uvirudishe ndani. Chini ya LED ya kawaida ya kelvini 6,500 buluu na nyeusi vilitofautiana mara moja, vizuri kabisa, ila nyekundu ya kikwembe iligeuka kuwa kama matofali, imekufa. Chini ya LED ya kelvini 4,000 yenye Ra 90 vyote vinne vilibaki kama vilivyokuwa mlangoni. Ra ni kipimo cha uaminifu wa rangi, na 100 ndiyo juu kabisa. Ampuli nyingi za dukani ni 80 au hazisemi. Kiwango cha Ulaya cha EN 12464-1 kinataka Ra 80 kwa kushona na Ra 90 kwa kukagua rangi ya kitambaa. Fahamu pia kwamba ampuli ya waya ina Ra karibu 100 kwenye vitabu na bado ilificha buluu. Ra nzuri bila kelvini za kutosha na bila mwanga wa kutosha haimsaidii fundi.

Hesabu ya idadi

Kiwango hichohicho kinataka luksi 750 (luksi ni kipimo cha mwanga unaofika mahali pa kazi) pale sindano inapoingia. Kuzitawanya luksi 750 chumba kizima kungehitaji lumeni zaidi ya 37,000, na ni upotevu, kwa sababu sakafu haishonwi. Kilichoamuliwa ni luksi 200 za jumla kutoka darini, halafu taa ya karibu kwenye kila mashine.

Kwa dari: mita za mraba 20 mara luksi 200 ni lumeni 4,000. Katika chumba chenye kuta zisizo nyeupe sana na vitambaa vinavyoning'inia, karibu nusu ya mwanga haifiki chini, na vumbi la pamba linakula sehemu ya tano ya unaobaki. Gawanya 4,000 kwa 0.4, unapata 10,000. Bomba tano za LED za sentimeta 120, wati 18 na lumeni 2,000 kila moja, zinatosha. Mbili ziliwekwa juu ya meza ya kukatia, tatu juu ya safu za mashine.

Kwa mashine: ampuli ya LED ya wati 9 yenye lumeni 806, ikiwa sentimeta 45 kutoka kwenye sindano, inatoa takriban luksi 590 chini yake. Ongeza 200 za darini, unapata karibu 790. Ikipandishwa hadi sentimeta 90, luksi zake 590 zinashuka hadi 150. Urefu wa waya una uzito kuliko wati, na hili husahaulika kila mahali: watu huongeza ampuli kubwa zaidi darini badala ya kuishusha ndogo.

Jumla ikawa wati 90 za bomba na 54 za ampuli, yaani 144. Kwenye karatasi mpangilio wa zamani ulikuwa wati 540, ukihesabu neoni nne kwa wati 45 kila moja pamoja na balasti. Ni rahisi kutangaza kwamba robo tatu ya umeme imeokolewa, na wauzaji hutangaza hivyo. Ukweli wa jioni ni mwingine. Neoni zilikuwa hazijawaka, ampuli sita zilikuwa zinakula 35 kila moja, jumla 210. Kilichopungua kwenye mita jioni ni theluthi moja hivi. Kilichoongezeka ni mwanga: kutoka lumeni 1,400 hadi zaidi ya 14,000. Mama mwenye atelie aliambiwa hivyo waziwazi kabla ya kutoa pesa, kwa kuwa mtu aliyeahidiwa bili ndogo sana akaona bili ya wastani huacha kumwamini fundi hata pale fundi anaposema kweli.

Kufunga, na yaliyokwama

Fremu za neoni zilibaki, matumbo yake yakatolewa. Umeme ulizimwa kwenye disjonkta (swichi ya kukata umeme), ukahakikishwa kwa tesita, balasti na starta zikaondolewa, kisha fazi (waya wenye umeme) na nyutro (waya wa kurudishia) zikapelekwa moja kwa moja kwenye kishikio cha upande mmoja, ule ulioandikwa L na N kwenye bomba. Upande wa pili unashikilia tu. Fremu ya tano ilikuwa mpya. Ndani ya kila fremu ilibandikwa karatasi: LED TU, USIWEKE NEONI. Siyo mapambo. Mtu akija baadaye na bomba la neoni la zamani akaliweka humo, volti 220 zitapita kwenye uzi mmoja mwembamba wa ncha, na bomba linaweza kulipuka juu ya vichwa vya watu.

Bomba moja halikuwaka. Liligeuzwa kichwa kwa miguu, likawaka. Lilikuwa limeingizwa kinyume.

Usiku wa kwanza ampuli mbili za mashine ziliendelea kung'aa hafifu baada ya kuzimwa. Wengi hudhani ampuli ni mbovu na kuirudisha dukani. Kosa lilikuwa la zamani: swichi ilikuwa imefungwa kwenye nyutro, fazi ikabaki kwenye kishikio muda wote. Ampuli ya waya haikuwahi kuonyesha hilo kwa kuwa mkondo mdogo hauwezi kuiwasha, LED inauonyesha. Maana yake ni kwamba kwa miaka kila aliyebadilisha ampuli pale, akiwa amezima swichi, alikuwa anagusa kishikio chenye fazi. Nyaya zilibadilishwa swichi ikate fazi, na kung'aa kukaisha.

Ampuli moja ilikufa baada ya wiki mbili. Ilikuwa ndani ya kofia ya bati iliyotengenezwa na fundi bati, imezibwa juu. LED haitoi joto mbele kama ampuli ya waya, hulitoa shingoni, palepale draiva ilipo, na kondensa za ndani hupoteza karibu nusu ya maisha kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka. Kofia zote sita zilitobolewa matundu sita ya milimita 8 upande wa juu. Tangu hapo shingo zinashikika kwa vidole bila kuunguza.

Radi, na umeme unaporudi

Uchambuzi wa data za setilaiti ya TRMM uliochapishwa mwaka 2016 uliiweka Kabare, mashariki mwa Kongo, nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi, takriban miale 205 kwa kila kilometa ya mraba kwa mwaka, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Anayefunga LED huku bila kinga anacheza na pesa ya mtu.

Mbele ya laini ya taa iliwekwa relei ya volti (kifaa kinachokata umeme volti zikitoka nje ya mipaka) inayorekebishika, yenye kuchelewa. Zile za kuchomeka ukutani ambazo hazirekebishiki hukata chini ya 180 V, na katika atelie hii zingezima taa zote kila jioni, zikiondoa faida yote ya draiva nzuri. Hii iliwekwa ikate chini ya 120 na juu ya 255, na ingoje dakika tatu umeme unaporudi. Kikinga radi kiliwekwa pamoja na fimbo ya ardhi ya mita 2, kwa sababu bila ardhi hakina pa kumwagia mshtuko. Radi ikianza kukaribia, disjonkta ya taa inashushwa. Hakuna kifaa cha bei ya atelie kinachoishinda radi inayopiga nguzo ya jirani.

Taa zote zikifa kwa mpigo mmoja siku isiyo na mvua, huenda nyutro ya barabarani imekatika na nyumba imepata volti zinazoweza kukaribia 380. Usibadilishe ampuli, ita wenye laini kwanza.

Kwa usiku wa giza kuna batri ya 12 V, 100 Ah na inverta inayogeuza umeme wake kuwa kama wa ukutani. Ukiitumia nusu tu ili isiharibike, na ukiondoa kinachopotea kwenye inverta, unabaki na wati-saa 510 hivi. Mpangilio wa zamani ungezimaliza kabla saa moja haijaisha. Mpya unafika saa tatu na nusu, na ukizima bomba tatu kati ya tano unapita saa tano. Wazo la kutumia ampuli za LED za 12 V moja kwa moja kwenye batri lilikataliwa: zinafanana na za 220 na zina mkia uleule wa kuzungusha, siku moja mwanafunzi wa kazi ataiingiza ya 12 kwenye kishikio cha ukutani.

Neoni nne za zamani hazikutupwa jalalani wala kuachiwa watoto wazivunje. Zilirudishwa kwenye maboksi ya bomba mpya, zikasimamishwa nyuma ya kabati, na fundi akaelekezwa la kufanya moja likivunjika: watu watoke, mlango na dirisha vifunguliwe kwa robo saa, vipande viokotwe kwa karatasi ngumu na vumbi kwa utepe wa gundi, vyote viingie kwenye chupa yenye kifuniko. Ufagio usitumike, unarusha zebaki hewani. Ampuli mbili za akiba, zilizopita jaribio la 110 V, ziko kwenye droo ya vibiringo vya uzi, na kwenye masanduku yake pameandikwa kwa kalamu tarehe ya kununuliwa.